Binti yangu hufunga kinywa kila aonapo mswaki

Ndugu Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Nina watoto wanne, na huyu ninayetaka kukueleza habari zake ni wa pili, msichana wa miaka 7. Alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, hakulia mara moja, na kabla hajatimiza mwaka tuliambiwa kwamba ana mtindio wa ubongo, ule ambao wauguzi wetu huuita IMC. Hatembei wala hasemi, na mkono wake wa kulia umejikunja, lakini anatujua sisi sote kwa sauti, na nikianza kuimba huacha kulia akanitazama. Kitu anachokipenda kuliko vyote ni kijiko kimoja cha aluminiamu. Hukishika kwa mkono wa kushoto tangu asubuhi mpaka jioni, na akikikosa hatulii.

Alipokuwa na miaka 3 alianza kushikwa na kifafa. Dawa ya kwanza haikumsaidia sana. Tangu mwaka jana anapewa vidonge vya fenitoini, ambavyo mimi huvisaga na kuvichanganya na asali kabla hajalala, kwa sababu bila asali huvitema. Namshukuru Mungu, kwani degedege zilizokuwa zinamjia karibu kila siku sasa humjia mara moja au mbili kwa mwezi.

Shida iliyobaki ni kinywa. Imepita miezi mitano hivi tangu fizi zake zianze kuvimba, na sasa zimepanda juu ya meno ya mbele hata meno yanaonekana nusu tu. Asubuhi nakuta doa la damu kwenye mto. Pumzi yake inanuka kiasi kwamba mdogo wake hataki tena kulala karibu naye. Nikimletea mswaki hufunga kinywa na kukaza shingo, na mara mbili ameniuma kidole mpaka damu ikatoka, kwa hiyo nimeacha kabisa kumsafisha. Na kwa wiki mbili hizi amekuwa akijipiga shavu la kushoto kwa kile kijiko chake, tena anakubali uji uliopoa tu, ilhali zamani alikula bugali laini na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilizopondwa.

Nilimbeba mgongoni nikampeleka kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Muuguzi aliyetupokea alimtazama kidogo, akaniambia kwamba mtoto wa namna hii hahitaji meno kwa kuwa anakunywa uji, na kwamba pesa zangu ningezitunza kwa ajili ya wale wanaosoma. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na kunisaidia sana, anasema kuna mzee anayejua kuchanja fizi kwa wembe na kutia dawa ya majani. Jirani anasema ni dawa ya kifafa inayovimbisha fizi, kwa hiyo niiache.

Je, niache dawa? Nimpeleke kwa mzee huyo? Na je, kumshika ili nimsafishe wakati hataki si kumtesa mtoto ambaye tayari anateseka?

Mama wa Kadutu

*

Mama mpendwa wa Kadutu,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na naomba nianze na lile lenye hatari ya leo: tafadhali usiiache fenitoini, hata kwa siku moja. Jirani yako hakukosea kusema kwamba dawa hiyo hukuza fizi. Jambo hilo liliandikwa na waganga mwaka 1939, mwaka mmoja tu baada ya dawa hiyo kuanza kutolewa kwa wagonjwa wa kifafa, na hutajwa kwamba linaweza kuwapata hadi nusu ya wanaoitumia, watoto zaidi ya watu wazima. Kosa la jirani liko katika shauri linalofuata. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, degedege zinaweza kurudi zikifuatana moja baada ya nyingine bila mtoto kupata fahamu katikati, na hali hiyo huua. Dawa inaweza kubadilishwa, kwa sababu zipo nyingine ambazo hazikuzi fizi kwa kiasi hicho, lakini mabadiliko hufanywa na daktari, polepole, kwa wiki kadhaa, moja ikipunguzwa huku nyingine ikiongezwa. Kwa hiyo mrudie yule aliyekuandikia dawa, au nenda SOSAME, ambako wakazi wa Bukavu wamezoea kutafuta matibabu ya akili na ya mfumo wa neva, umwonyeshe fizi hizo kwa macho yake na kumuuliza waziwazi: je, binti yangu anaweza kupewa dawa nyingine? Akikupa ile iitwayo valproati, kumbuka kumwambia daktari wa meno, kwa kuwa inaweza kuifanya damu ichelewe kuganda jino linapong'olewa.

Kuna jambo moja ambalo huenda jirani halijui, nalo ndilo lenye matumaini zaidi kwako. Fenitoini peke yake haitoshi kuzifanya fizi zipande hivyo. Hukua zaidi pale penye ukoga, ule utando laini mweupe unaojishika kwenye shina la jino usiposuguliwa. Ukoga huwasha fizi, fizi zilizowashwa huitikia dawa kwa kuvimba, na zikivimba huuficha ukoga mwingine chini yake. Wewe uliacha kusafisha kwa sababu ya kuumwa na hofu, na hakuna anayeweza kukulaumu, ila tangu siku hiyo uvimbe umekuwa ukijilisha wenyewe. Ukianza tena kusafisha, hata kabla dawa haijabadilishwa, damu itapungua na sehemu ya uvimbe itashuka. Sehemu itakayobaki daktari wa meno anaweza kuipunguza kwa upasuaji mdogo.

Upasuaji huo usichanganywe na kuchanja kwa wembe. Fizi zilizovimba zina damu nyingi, na kinywa cha mtoto asiyeweza kumeza vizuri kikitokwa damu, damu hiyo inaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Wembe uliopita kwa wengine unaweza kuleta pepopunda, homa ya ini au virusi vya UKIMWI, na uvimbe wenyewe utarudi kwa kuwa chanzo chake hakijaguswa. Mama mkwe wako anastahili kuelezwa hayo kwa heshima, tena ikiwezekana umwombe akusindikize kwa daktari, maana mtu anayempenda mtoto kiasi hicho ni msaada mkubwa siku ya kumtuliza kitini.

Sasa naomba turudi kwenye kijiko. Katika barua yako yote, sentensi iliyonigusa zaidi ni ile ya binti anayejipiga shavu la kushoto na kukataa chakula alichokula zamani. Mtoto asiyesema huonyesha maumivu kwa njia hizo hizo: hujipiga, hujiuma mkono, hukesha, hukaza mwili kuliko kawaida, hukubali kilichopoa na kukataa kinachotafunwa. Fizi peke yake mara nyingi hazileti maumivu ya upande mmoja. Kwa umri wa miaka 7 nashuku sana gego, na hasa lile linaloota karibu na miaka 6 nyuma kabisa ya magego ya utoto. Kwa kuwa huota bila jino lolote kung'oka kwanza, wazazi wengi hudhani ni la utoto na kungoja lianguke lenyewe, kumbe ni la kudumu na likipotea halina mbadala. Siwezi kuona ndani ya kinywa chake nikiwa mbali, kwa hiyo uhakika utapatikana kwa daktari wa meno, na ningependa aonwe ndani ya wiki hii. Ukiona uvimbe wa shavu unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, au homa, au akishindwa kumeza hata mate yake, usingoje miadi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kwa maumivu ya kungojea, parasetamoli inafaa, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, si zaidi ya mara 4 kwa siku, kwa hiyo mpime kwanza. Usimpe aspirini, wala usiweke kidonge chochote juu ya jino, kwa sababu huunguza fizi.

Umeniuliza kama kumshika ni kumtesa. Kumbana mtoto anayepiga kelele, watu watatu juu yake, ndiko kumtesa, na kunamfundisha kwamba kila mswaki ni adui. Kumwegemeza mtoto ambaye shingo yake haijitegemei ni kumsaidia, kama unavyomwegemeza unapomlisha. Kaa kwenye mkeka, mgongo wako ukiegemea ukuta, naye akae katikati ya miguu yako, mgongo wake kifuani pako. Kunja kitenge kimoja ukiviringe, ukiweke chini ya magoti yake ili nyonga na magoti yabaki yamekunjwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akinyooka hukaza mwili mzima hadi taya, na akikunjwa hivyo taya nalo hulegea. Kichwa chake kilale kwenye mkono wako wa kushoto, kidevu kikiwa kimeshuka kidogo. Usikirudishe kichwa nyuma hata kidogo, kwa sababu maji na mate yatateremkia kwenye mapafu. Kijiko mwachie mkononi. Anza kuimba kabla hajaona chochote.

Siku mbili tatu za kwanza usilete mswaki kabisa. Mguse mkono, kisha bega, kisha shavu la kulia, kisha mdomo kwa nje, na kila mahali anapokubali tulia hapo kwa muda wa ubeti mmoja wa wimbo. Akigeuza uso, rudi pale alipokuwa amekubali. Baada ya hapo chukua kitambaa safi kilicholowa maji ya uvuguvugu, ukipitishe kati ya mdomo na meno ya mbele, nje tu. Wiki inayofuata kitambaa kikae pembeni na mswaki mdogo wenye nywele laini uchukue nafasi yake, ukisugua kwa mizunguko midogo pale fizi na jino vinapokutana. Upande wa kushoto uache mpaka daktari aumalize, kwa maana ukianzia kwenye maumivu utapoteza yote uliyoyajenga.

Kuhusu kuumwa: mtoto wako hakukuuma kwa hasira. Watoto wengi wenye hali yake wana taya linalojifunga lenyewe kitu kikigusa meno, na hawana uwezo wa kulizuia. Kidole chako kipite kati ya shavu na meno tu, kwa nje. Kisiingie kamwe kati ya meno ya juu na ya chini. Akiuma mswaki usiuvute, kwa kuwa kuvuta humfanya akaze zaidi. Ngoja, imba, mpapase shavu, na taya litaachia. Siku atakapokubali kusafishwa kwa ndani, viringa kitambaa kinene kilicholowa, ukiweke kati ya magego ya upande mmoja huku umeshika ncha yake nje, kisha safisha upande wa pili. Damu itatoka kwa siku kadhaa za mwanzo. Usiogope ukaacha, kwani damu hiyo inatokana na ukoga, na ukoga ukiisha nayo hupungua.

Tafuta dawa ya meno yenye floridi, na kwenye boksi usome kama ina kati ya 1000 na 1500 ppm, kipimo cha wingi wa floridi. Si anasa ya wenye pesa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa kuwa binti yako hawezi kutema, paka kiasi cha punje moja ya mchele tu, na ukimaliza umfute kwa kitambaa bila kumsukutua. Fanya hivyo mara 2 kwa siku, na ukichoka siku fulani, basi ule wa usiku usiukose, kwa sababu usingizini mate hupungua na meno hukosa ulinzi wake.

Hapo ndipo asali inapoingia. Nafahamu ni kwa nini unaitumia, na dawa lazima imezwe. Lakini asali ni sukari inayonata, na kumpa mtoto asali kabla tu ya kulala, kila usiku kwa mwaka mzima, ni kuyalisha magego sukari mpaka asubuhi. Hali ni hiyo hiyo kwa siro, yaani dawa tamu za maji, nyingi za watoto na kwa biberoni, ile chupa ya kunyonyea, ya chai anayolala nayo mtoto. Muulize daktari kama dawa ya usiku inaweza kutolewa pamoja na chakula cha jioni, ndani ya vijiko viwili vya uji usio na sukari, kwa saa ile ile kila siku, kisha maji kidogo, kisha usafi wa kinywa. Ukimaliza kumlisha pitisha kidole kwa nje ya meno, shavu la kulia na la kushoto, uone kama chakula kimebaki. Watoto ambao ulimi wao hauzunguki vizuri huhifadhi uji shavuni kwa saa nyingi. Kama binti yako ana kawaida ya kutapika mara kwa mara, mfute kwa maji tu na ungoje karibu nusu saa kabla ya mswaki, kwa kuwa asidi ya tumboni huwa imeyalainisha meno.

Nije kwa yule muuguzi. Alichokuambia si kweli, na kinanihuzunisha kwa sababu kimesemwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Mtoto anayekula uji anahitaji kinywa safi kuliko mimi na wewe. Sisi tukitafuna vitu vigumu na kuzungusha ulimi, meno hujisafisha kwa sehemu. Yeye hana msaada huo. Hata mtoto anayelishwa kwa mrija, asiyepitisha chakula kinywani kabisa, hujaa ugaga, yaani ukoga uliokuwa mgumu, kwenye meno. Na anapopaliwa na mate yake usiku, vijidudu vya kinywa kichafu huteremka naye hadi kifuani, na hiyo ni njia mojawapo ya nimonia inayowaua watoto wa namna hii. Kama amekuwa na kikohozi cha kurudiarudia, mwambie daktari. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliukubali Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Ukikutana tena na jibu kama lile, omba kwa upole kuonana na mganga mkuu wa kituo, na uitaje sheria hiyo.

Kabla ya kushuka na mtoto mgongoni, mtume mumeo peke yake aulize katika hospitali kubwa za mji kama kuna daktari wa meno na anakuwapo siku gani, ili usipande na kushuka vilima bure. Waulize pia wahudumu wa kituo cha Heri Kwetu, kwa kuwa wamezoea watoto wenye ulemavu na huenda wanajua ni daktari yupi mwenye subira. Omba miadi ya asubuhi, baada ya dawa na chakula chepesi. Uliza kama jino linaweza kuzibwa bila mashine, kwa kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba. Njia hiyo ilianzia kwa jirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na inamfaa sana mtoto anayeshtushwa na kelele. Ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floridi inayopakwa juu ya tundu ili uozo usimame. Hulifanya tundu kuwa jeusi, na kwa gego la nyuma sioni sababu ya kuikataa kwa ajili ya weusi huo. Wasomaji wengine wenye watoto wenye matatizo ya moyo, kama ilivyo kwa karibu nusu ya watoto wenye ugonjwa wa Down, au wenye drepanositozi (selimundu), wamtajie daktari hali hiyo kabla hajagusa jino lolote, kwa sababu baadhi yao huhitaji antibiotiki kwanza.

Mwandikie daktari kwenye karatasi jina la dawa ya kifafa, kipimo chake, tarehe ya degedege ya mwisho na uzito wa mtoto. Chini yake uandike mambo mawili ambayo hawezi kuyajua asipoambiwa: kwamba mtoto hutulia mama yake akiimba, na kwamba kile kijiko asinyang'anywe.